Siku nne kwa Wakajuni wa Louisiana: boti, krofishi na pilipili, maoni ya mpishi wa Tanga

Jamani tangu nirudi kila nikipita Ngamiani kununua viungo naulizwa habari za Marekani, na watu wanategemea niwasimulie maghorofa ya Houston, mi nawasimulia vinamasi. Kwahiyo nimeona niandike mara moja hapa, vizuri, maana najua Tanga tuna watu wengi wenye ndugu Texas na kila mwaka kuna anayepata viza anaenda kumtembelea mtoto au dada, anakaa miezi mitatu ndani anaangalia tivii na kulea mjukuu. Ndugu yangu, kutoka Houston kwenda mji unaitwa Lafayette, jimbo la Louisiana, ni mwendo kama wa Tanga kwenda Dar tu, kilomita 350 hivi, saa tatu na nusu kama barabara haina foleni. Pembeni ya huo mji ndiko kwa Wakajuni, watu wenye asili ya Kifaransa. Nenda.

Mimi kazi yangu ni kupika, napikia shughuli hapa mjini, harusi, hitima, maulidi, kwahiyo maoni yangu yameegemea sana kwenye sufuria na sioni tatizo kulisema hilo mapema. Tulikuwa wanne, mdogo wangu, shemeji ndo dereva, binti yao wa miaka 7 na mimi. Wikiendi yenyewe ni ile ya mwisho wa Mei, wana sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani inaangukia Jumatatu ya mwisho ya mwezi, shemeji akaombea na Ijumaa ruhusa kazini tukapata siku nne.

Sasa kwenye kupanga ndo tulipovutana. Mdogo wangu alishaweka oda ya boti Jumamosi saa tatu asubuhi, tena ile boti yenye feni kubwa nyuma inayopiga kelele kama ndege inaruka, mnavalishwa vizibo vya masikio. Mi nilikuwa nimekaa na jirani yao mmoja, bibi mtu mzima kazaliwa Louisiana, akaniambia we mama ukienda kule Jumamosi asubuhi usiende kwa mamba, mamba wapo kila siku, Jumamosi asubuhi nenda Eunice ukasikilize muziki. Nikashikilia hapohapo. Boti ikahamishiwa Jumapili na ikabadilishwa ikawa ndogo. Kama utasoma mpaka hapa tu ukaacha basi chukua hayo mawili, Jumamosi asubuhi ni ya Eunice na boti iwe ndogo, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Ijumaa tulitoka baada ya sala ya alfajiri tukaenda moja kwa moja Avery Island, ni kama saa moja kusini ya Lafayette. Inaitwa kisiwa lakini usitegemee kisiwa kama Toten, ni kilima kimeinuka katikati ya vinamasi, na chini yake kuna mwamba wa chumvi tupu unaoshuka ardhini mbali sana. Hapo ndipo inapotengenezwa Tabasco, ile pilipili ya kichupa kidogo unayoiona mpaka kwenye mahoteli yetu ya hapa. Imeanza kutengenezwa hapo 1868 na bwana anaitwa Edmund McIlhenny na mpaka leo ni mali ya familia hiyohiyo. Mimi nasaga pilipili zangu na kuziuza kwa ndoo kwahiyo nilitembea mle ndani kama mtu aliyeenda shule. Vitu ni vitatu basi, pilipili nyekundu, chumvi, siki. Pilipili zikishavunwa zinasagwa na chumvi siku hiyohiyo, zinaingizwa kwenye mapipa ya mbao za mwaloni, juu ya kifuniko wanamwaga tena chumvi inaganda inakuwa kama saruji, halafu linakaa. Linakaa mpaka miaka mitatu! Mi yangu inakaa wiki moja kwenye ndoo mteja ashaanza kupiga simu.

Kuna kitu kidogo pale kilinishika roho. Kijiti. Kijiti kimepakwa rangi nyekundu, ile nyekundu yenyewe ya pilipili iliyoiva barabara, na wavunaji walikuwa wanapewa kila mtu chake ili akishika pilipili shambani ailinganishe, kama haijafika rangi ya kijiti unaiacha mtini. Wanakiita kwa Kifaransa, kijiti kidogo chekundu. Nimekaa nimekitazama hicho kijiti nikafikiria mabinti wangu wanaonichambulia pilipili sokoni, nimegombana nao mara ngapi kuhusu pilipili mbichi zilizochanganyika, na kumbe dawa ni kijiti tu. Nimeshatengeneza vyangu sita.

Humohumo kuna bustani kubwa na sehemu ya ndege wanaiita mji wa ndege. Zamani yangeyange walikuwa wanauawa kwa maelfu manyoya yao yapambe kofia za wanawake, karibu wamalizike, mtoto wa yule mwenye pilipili akachukua makinda manane akayalea kwenye tundu juu ya maji, ilikuwa kama 1895, akaja kuyaachia yakaenda zao na msimu uliofuata yakarudi na wenzao. Leo ni wengi mno. Ukienda Avery Island lipia vyote viwili, kiwanda na bustani, na ukitaka kula fika kabla ya mchana haujakolea maana foleni inakuwa ndefu.

Kulala sasa. Hapa nina malalamiko. Tulichukua chumba kwa kuangalia picha kwenye intaneti, kimeandikwa kipo karibu na ziwa, tunafika kumbe kipo ukingoni mwa barabara kuu, malori usiku kucha, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kapeti, mtoto hajalala. Shemeji akaomba turudishiwe hata nusu wakakataa, wakasema picha hazikusema uongo ziwa lipo tu ukiendesha nusu saa. Sitataja jina. Ila nawaambia mkipanga, tafuteni nyumba ya kulala wageni Breaux Bridge mjini kabisa, ndo mji wa karibu na Lake Martin, tulihamia huko usiku wa pili na ilikuwa raha tupu, barazani kuna viti vya kubembea na asubuhi unatembea kwa mguu kwenda kununua mkate.

Jumamosi. Eunice ni mji mdogo, saa moja kutoka Lafayette, njiani mashamba ya mpunga kulia na kushoto, ungedhani upo Mombo. Lakini mle kwenye maji ya mpunga kuna vitu vyekundu vimesimama kwa mistari, maelfu, shemeji akasimamisha gari tukaangalia, kumbe mitego. Wenyewe wakishavuna mpunga wanajaza tena maji shambani, na humo wanafuga krofishi, hawa ni kama kamba wa baharini lakini wanaishi matopeni kwenye maji baridi, wana magando mbele kama kamba-koche mtoto. Shamba moja linatoa wali na kitoweo chake. Nilisimama pale nikasema Mombo wangeona hii.

Muziki upo kwenye duka la vyombo vya muziki linaitwa Savoy Music Center, jengo la kawaida kabisa pembeni ya barabara, lilifunguliwa 1966 na fundi wa kodiani anaitwa Marc Savoy. Kila Jumamosi asubuhi kuanzia saa tatu mpaka mchana watu wanakuja na vyombo vyao wanapiga, bure, hamna jukwaa, hamna spika. Tumeingia tukasimama ukutani. Wazee wenye fidla kama sita, magitaa, kodiani moja, na kijana mmoja anagonga pembetatu ya chuma. Mimi nimekua nasikia taarabu, baba yangu alikuwa haendi kulala bila kusikiliza taarabu za Tanga za kina Black Star, kwahiyo nilipoona fidla na kodiani chumba kimoja mwili ulinisisimka wenyewe. Ila kodiani yao siyo ile yetu ya vitufe kama vya piano. Ni ndogo, ya mraba, upande wa mkono wa kulia ina vitufe kumi tu, na kitufe kilekile ukivuta kinatoa sauti nyingine na ukisukuma kinatoa nyingine, kwahiyo mpigaji anavuta na kusukuma muda wote ndo maana ule muziki unakuwa kama unapumua. Na ile pembetatu zamani walikuwa wanakunja meno ya chuma ya reki za kukusanyia nyasi, wakulima walitumia walichokuwa nacho.

Wanaimba Kifaransa. Sikuelewa hata neno lakini mzee mmoja jirani yangu wimbo wa taratibu ulipoanza alivua kofia akaiweka mapajani, na machozi yakamtoka hivihivi mbele za watu, hakuyafuta. Mdogo wangu kanishika mkono. Wimbo ulipoisha akanieleza, kwa Kiingereza chake cha kuvuta, kwamba mama yake aliuimba, na kwamba yeye mwenyewe shuleni alipigwa kwa kuongea Kifaransa.

Na hili lazima niliseme kidogo maana bila hilo utakula tu na kurudi. Hawa Wakajuni mababu zao walikuwa Wafaransa waliokaa Acadia, huko Kanada ya sasa upande wa Nova Scotia, mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza, wakawapakia melini wakawatawanya, familia nyingi hazikuonana tena. Wengine wakazunguka miaka mpaka wakafika Louisiana, kuanzia miaka ya 1760, wakapewa ardhi kwenye maji maji huku. Neno lenyewe Kajuni ni Acadien limekatwa ulimi. Halafu 1921 katiba ya jimbo ikasema shuleni ni Kiingereza tu, watoto wakawa wanaadhibiwa, wanaandikishwa mstari mmoja mara mia kwamba sitaongea Kifaransa shuleni. Wazazi wakaacha kuwafundisha watoto wao. Mwaka 1968 ndo jimbo likaunda chombo chake cha kukirudisha Kifaransa, wanakiita CODOFIL, na sasa kuna shule ambazo watoto wanasoma kwa Kifaransa. Bibi yangu alikuwa Mdigo, alinisemesha Kidigo mpaka naanza shule, na shuleni tulivishwa kibao shingoni ukiongea kilugha, leo nikiamkiwa Kidigo naelewa lakini kujibu siwezi. Yule mzee sikumwambia hayo, sikuwa na Kiingereza cha kutosha. Nilimpa mkono tu.

Kule Eunice kuna pia makumbusho ya serikali ya habari za Wakajuni wa nyikani, bure, pita dakika arobaini yatosha. Kuna na baa maarufu mji wa pili unaitwa Mamou, Jumamosi asubuhi muziki wake unarushwa redioni, Fred's Lounge, lakini ni baa, sisi hatukuingia, anayependa ataamua.

Haya chakula. Waislamu wenzangu nisikilizeni vizuri kwenye hili maana mi nilihangaika na sitaki mtu wa Tanga ahangaike. Kule nguruwe yumo kila mahali, hata pale usipomtegemea. Kuna soseji inauzwa mpaka vituo vya mafuta, kwenye kibao imeandikwa boudin inasomeka budani, ndani ni wali, ini na nguruwe, na hata wakikwambia hii ni ya krofishi ule utumbo waliofungia kwa kawaida ni wa nguruwe. Ile acha. Kwenye gumbo, mchuzi wao mzito wa kuliwa na wali, wanaweka soseji ya moshi, ya nguruwe. Maharage hivyohivyo. Mimi sehemu moja, mgahawa mzuri tu una meza za mbao na watu wamejaa, nimemuuliza dada anayehudumia kama gumbo ya vitu vya baharini ina nyama, kasema hamna, ni kamba na kaa tu. Linakuja bakuli nakoroga kijiko kinaibuka kipande cha duara chekundu, nikajua. Namwita anasema oh hiyo ni soseji tu ya kuleta ladha. Nikalisukuma bakuli, na nililipa, na nilikasirika sana kwa kweli. Kumbe kosa lilikuwa swali. Usiulize kama kuna nyama, kwao soseji wala haihesabiki. Uliza kwa jina, je kuna nguruwe, kuna soseji, kuna mafuta ya nguruwe kwenye unga wa kukaangia, na useme wewe huli kabisa kwa dini yako. Nilipoanza kuuliza hivyo kila sehemu walinijibu kwa heshima na pengine mpishi mwenyewe alitoka jikoni kuja kunieleza.

Ukishapata cha kula, basi. Gumbo yenyewe nitaieleza kwa urefu maana ni yetu. Ndiyo, ni yetu. Neno gumbo ni bamia, limetoka kwenye ki ngombo ya kule Angola, lugha za Kibantu kama hizi zetu, limefika kule na watu waliouzwa utumwa. Sisi tunaotoka upande wa Pangani tunajua habari ya watu kupakiwa majahazini wasirudi, kwahiyo nilipoliona hilo neno limeandikwa kwenye kila ubao wa mgahawa nilihisi kitu. Walichukuliwa bila chochote wakafika na jina la mboga. Sasa gumbo ya Kajuni inaanza na unga wa ngano na mafuta, vinakaangwa pamoja kwa moto mdogo huku unakoroga, unakoroga, haachi mtu mwiko, unatoka mweupe unakuwa kama karanga, unakuwa kama kutu, mpaka unafika rangi ya chokoleti na jikoni kunanukia kama kahawa inayokaangwa. Ukiona vidoti vyeusi imeungua, mwaga anza upya. Hapo ndo vinaingia kitunguu, hoho na seleri, hao watatu kwao ni kama kitunguu, nyanya na karoti kwetu hapa, kila sufuria inaanza nao. Halafu supu, halafu kuku au kamba na kaa. Bamia wengine wanaweka wengine hawaweki, wengine wanatumia unga wa majani ya mti unaitwa sassafras waliojifunza kwa Wahindi Wekundu wa Choctaw, unaongeza uzito. Inaliwa juu ya wali. Wali kila mlo! Nilijisikia nyumbani.

Krofishi wanachemshwa kwenye pipa la chuma na viazi, mahindi mabichi, ndimu na pilipili nyingi, wanamwagwa mezani juu ya gazeti au kwenye sinia na watu wanakula kwa mikono. Wanauzwa kwa ratili, na mtu mmoja anakula ratili tatu mpaka tano bila shida maana ni ganda tupu, ratili tatu ukizimenya unapata nyama ya kujaza kiganja. Unashika kichwa mkono mmoja na mkia mwingine unazungusha unavuta, unamenya pete ya kwanza ya ganda, unabinya mwisho wa mkia nyama inatoka nzima. Kichwa wanakinyonya, ndo kuna mafuta ya njano na pilipili yote imejificha humo, mdogo wangu aliona kinyaa, mi nilinyonya vyote na vya kwake. Msimu wake ni kuanzia Januari mpaka kama Juni, Julai, wanapokolea ni Machi mpaka Mei. Mwisho wa Mei ganda lishaanza kuwa gumu, ncha za vidole zilinichubuka. Breaux Bridge ndo wenye sifa yake, bunge la jimbo liliutangaza makao makuu ya krofishi duniani mwaka 1959. Na ukikuta etufe, yaani krofishi waliomenywa wakapikwa na siagi na kitunguu mchuzi mzito juu ya wali, agiza hiyo, ndo sahani niliyoipenda kuliko zote, haina makelele, unasikia krofishi mwenyewe.

Jumapili boti. Lake Martin, dakika kama ishirini na tano kutoka Lafayette, tulipanda saa moja na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Boti ya bati, bapa chini, watu kumi, injini ndogo, nahodha mzee wa huko. Maji meusi kama chai ya rangi na yametulia, miti imesimama mle ndani ya maji, inaitwa sipresi, shina limevimba chini kama tumbo la mbuyu na pembeni yake mizizi imechomoza juu ya maji wanaiita magoti. Ukiwa umezoea mikoko ya Pangani unaona undugu lakini mikoko yetu ni ya maji chumvi na hii ni ya maji baridi. Kwenye matawi kumening'inia ndevu za kijivu, ndefu, nahodha akatupa tuzishike, kavu nyepesi kama sufi. Kumbe ni ukoo wa nanasi! Haina mizizi ardhini inakunywa unyevu wa hewani. Ile miti mikubwa ya kale mingi ilikatwa miaka mia na zaidi iliyopita, mingi unayoiona sasa ni iliyoota baadaye, nahodha alilisema hilo kwa sauti ya chini kama anayetaja marehemu.

Halafu akazima injini. Hapo ndo nilielewa kwanini boti ndogo. Kimya, unasikia ndege tu, juu ya vichaka mamia ya viota, yangeyange, na ndege mmoja wa rangi ya waridi kabisa mwenye mdomo bapa kama mwiko, anautikisa kwenye maji kushoto kulia kama mtu anayepoza uji. Binti yetu alimuona wa kwanza. Na aligeta alikuwa pale muda wote, mita mbili kutoka kwetu, macho na pua tu juu ya majani ya maji, hakuna aliyemuona mpaka nahodha aliponyoosha kidole. Sio mamba wetu wa mto Pangani. Pua ya aligeta ni pana imeviringa, mamba wetu pua yake nyembamba na akifunga mdomo meno ya chini unayaona yametoka nje, huyu hayaonekani. Mwaka 1967 aliwekwa kwenye orodha ya wanyama wanaotoweka kwa sababu ya kuwindwa ngozi, akalindwa, 1987 wakamtoa maana walikuwa wamejaa tena. Kuna boti nyingine huko wanawatupia peremende laini wasogee watu wapige picha, sikupenda niliposikia, mnyama wa porini ukimzoesha mkono wa mtu siku moja atakuja kumtafuta mtoto anayevua samaki. Nahodha wetu hakutupa kitu. Saa mbili tulikaa majini na hela yangu nimeiona. Ila nendeni na dawa ya mbu na kofia na maji ya kunywa, boti haina turubai.

Mchana tulienda Vermilionville, Lafayette, kijiji cha makumbusho kando ya mto, nyumba za zamani za Wakajuni, za Wakrioli na za wenyeji. Nikaingia nyumba moja nikagusa ukuta nikacheka kwa furaha, udongo! Wamechanganya udongo na zile ndevu za mtini wakaujaza kati ya mbao, kama fito na udongo za kwa bibi Mkinga. Na pale ndipo mtu aelewe kwamba Louisiana ya Kifaransa siyo ya wazungu peke yao, kuna Wakrioli weusi wana Kifaransa chao na muziki wao wa zaideko, mfalme wake marehemu Clifton Chenier wa upande wa Opelousas, ndiye aliyemchorea fundi ile fulana ya bati ya kuvaa kifuani inayokwaruzwa kwa vifungulio vya chupa, 1946. Ukipanga wikiendi uitafutie zaideko usiku mmoja. Sisi hatukuipata, mtoto alikuwa amechoka, na hilo linaniuma.

Jumatatu ni sikukuu na sehemu nyingi zimefungwa, tulipita mji wa St. Martinville kutazama ule mwaloni maarufu wa kando ya mto Bayou Teche, halafu shemeji akataka tuvuke daraja la Atchafalaya, lilifunguliwa 1973, kilomita 29 juu ya kinamasi, miti chini yako mpaka uchoke. Tukageuza. Foleni ya kurudi Houston ilikuwa mbaya, tulifika isha imepita, ondokeni asubuhi.

Nimerudi Tanga na unga wa majani ya sassafras kwenye kichupa na nimeipika gumbo mara tatu. Kamba na kaa wa Deep Sea, bamia za sokoni, seleri niliipata kwa muuza mboga mmoja tu, unga niliukoroga dakika arobaini na tano na ule wa mara ya kwanza ukaungua nikaumwaga kama nilivyoambiwa. Mama alikula kimya, akaomba ndimu, akaongeza wali, akauliza hii bamia umeitia nini. Shemeji kanitumia ujumbe juzi anauliza mwakani nikija tupange lini, nimemwambia Machi ikipita Ramadhani au Aprili, wakati krofishi ganda bado laini, na Jumamosi asubuhi asiweke kitu chochote.